Mama Mkwe Alivyonikosesha Kazi kwa Kunisifia

Mama mkwe wangu alinikosesha kazi kwa kunisifia.

Msicheke. Nimekaa na aibu hii miezi minne, leo naitema.

Mimi kazi yangu ni kutoa dawa. Zamani nilikaa dirishani hospitalini, mgonjwa analeta cheti, namhesabia vidonge, namweleza kutwa mara ngapi. Kisha nikapata mapacha, akafuata wa tatu, nikaacha kazi. Kuja kuzinduka, miaka tisa imekwenda.

Nikaanza kuomba kazi upya. Kila nikifika, swali ni lile lile.

"Hii miaka tisa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nalea watoto."

"Sawa, tutakupigia."

Apige nani? Mara ya sita nikasema liwalo na liwe. Kwenye maombi nikaandika kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nasimamia stoo ya dawa ya kampuni fulani. Kampuni yenyewe niliibuni jikoni huku naosha vyombo. Meneja nikamweka wifi yangu, tunayeishi naye nyumba moja na mama mkwe, nikaandika na namba yake ya simu.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wakipiga, niachie mimi!"

Kweli nikaitwa. Duka kubwa la dawa, rafu safi, mfamasia mkuu ni mama wa makamo, mpole, miwani puani. Akaniuliza dozi, nikajibu. Akaniuliza dawa zisizochanganywa, nikajibu. Moyoni nikasema leo napata.

Ndipo akavuta simu ya mezani.

"Ngoja tumsikie meneja wako." Akabonyeza spika.

Nisichojua ni kwamba wifi ameingia kuoga, simu ameiacha sebuleni. Na mama mkwe wangu, jamani, hawezi kuiacha simu ikilia.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

Nilimjua hapo hapo.

Mfamasia akasema anapiga kutoka duka la dawa, akataja jina langu lote, akauliza kama ni kweli nimefanya kazi pale miaka tisa.

"Tisa kamili! Mkwe wangu huyo, mke wa mwanangu. Mchapa kazi! Kalea watoto watatu, na mimi nilipopooza mkono yeye ndiye aliyeniogesha, akanipa dawa kwa saa, hajakosea hata siku moja. Miaka yote hiyo hajatoka humu ndani, maskini. Mpeni kazi mwanangu!"

Hata wateja waliokuwa dirishani waligeuka kuniangalia.

Mfamasia akashukuru, akakata simu, akavua miwani. Bora angenifokea.

"Ningekuchukua," akasema taratibu. "Mwenzako aliyetoka humu sasa hivi ameandika miaka kumi na moja alikuwa analea watoto. Sikuona tatizo, hata mimi nimepita huko. Lakini humu kuna dawa tunazozifungia kwa ufunguo, dada. Anayeniandikia uongo siwezi kumkabidhi ufunguo huo."

Nikaokota mkoba, nikatoka macho chini.

Nyumbani mama mkwe alinipokea mlangoni, uso umechanua.

"Wamepiga! Nimekusemea weee! Wamekupa?"

Nikamwambia nafasi ilishajaa.

Akasonya, akawasema wale watu mpaka basi, kisha akaniletea maji ya kunywa kwa ule mkono wake unaotetemeka. Niliyanywa bila kumtazama usoni.

Nyie wenzangu mliokaa nyumbani mkalea, andikeni hivyo hivyo, mliyokuwa mnafanya ndiyo hayo. Watakaowakataa wawakatae kwa ukweli wenu. Mimi niliifuta miaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu pekee aliyeitetea nikamwacha aonekane ndiye aliyeniharibia.

Maana hata hapo juu, mmeona nilivyoanza. Nimesema alinikosesha kazi yeye.

Si yeye. Ni mimi. Na bado sijamwambia.