Majani ya Ng'ombe na Shingo ya Ndeshi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Arusha mjini, Mganga Mfawidhi alinikabidhi chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, pamoja na kopo la mafuta ya mgando. Nikamuuliza la nini. "Si wewe ndiye binti wa kuchua? Haya, chua." Nimetoka chuoni nimesoma mifupa, misuli na mishipa ya fahamu mpaka macho yameuma, halafu mtu ananipa mafuta! Hasira ya siku ile sijaistaafisha, na ninyi vijana mnaoanza fiziotherapia leo mnisikilize nikiwa bado nayo.

Mtu akiumwa kichwa alipewa dawa ya malaria. Akirudi, ya maumivu. Akirudi tena, anaongezewa. Hakuna aliyemgusa shingo! Kichwa kina mengi, sikatai. Kinachoanza ghafla kwa kishindo, au kinachokuja na homa au ganzi, mwenye hicho mkimbizeni kwa daktari. Kipandauso, kile cha upande mmoja chenye kichefuchefu na kuchukia mwanga, kinataka dawa zake, nasi tunasaidia. Lakini kipo kinachotoka kwenye pingili za juu za shingo, kikapanda kisogoni mpaka nyuma ya jicho. Hicho ni chetu.

Nikahamishiwa kituo cha afya karibu na Kikatiti. Huko ndiko nilikomkuta Ndeshi, mke wa mkulima wa kahawa na migomba kule mlimani. Aliletwa na mumewe, Baba Elibariki, aliyesema hata kabla hajaketi: "Dada, huyu ni mvivu tu. Kila siku kichwa. Asipopona anarudi kwao, watoto wanabaki." Ndeshi aliangalia sakafu. Nikambonyeza chini ya kisogo.

"Hapo hapo!" akapiga kelele. "Ndipo kinapoanzia!"

Nikazilegeza zile pingili kwa vidole, taratibu, nikamfundisha kurudisha kidevu nyuma ili misuli ya ndani ya shingo ipate nguvu. Akapata nafuu, kisha kikamrudia vilevile. Sikuelewa, mpaka siku waliyopitia kwangu kituoni wakitoka kukata majani ya ng'ombe kule tambarare. Mzigo Ndeshi aliuacha mlangoni. Nilijaribu kuunyanyua nikashindwa. Mumewe alikuwa nyuma yake, mikono mitupu.

"Baba Elibariki, jitwike huo."

"Mwanaume nibebe majani kichwani? Watu watasemaje?"

"Jitwike! Au shingo yako ni ya mapambo?"

Akajitwika kwa kiburi. Hakufika mwisho wa korido, mzigo ukaanguka. Mganga Mfawidhi wa pale akatoka ofisini akinifokea, "Mama, hiki ni kituo cha afya au zizi?" Nikamjibu kwamba ugonjwa anaohangaika nao kwa vidonge ndio huo, umelala mbele ya mlango wake.

Tangu hapo Baba Elibariki akawa anabeba majani kwa baiskeli, alfajiri, kukiwa bado giza, asionekane. Ndeshi akapona, akabaki na wanawe. Kanisani mume akashukuru kwa maombi na kwa vidonge. Mimi sikutajwa.

Sasa nimestaafu, naishi Olasiti. Nasikia mna mashine za umeme na vitanda vya kupanda na kushuka. Vizuri. Lakini mgonjwa akitoka hapo anakwenda kubeba nini? Mmemuuliza?

Majuzi Ndeshi alinibishia hodi, mvi tupu, kaongozana na mke wa mwanawe Elibariki. Nikawapa chai.

"Dada, huyu mkwe wangu anasingizia kichwa," akasema. "Uvivu tu."

Binti akaangalia sakafu.

Jamani! Nikakitua kikombe. "Ndeshi, siku hizi kwenu nani anabeba majani?"

Nikamshika mkono, nikaviweka vidole vyake chini ya kisogo cha yule binti. "Bonyeza."

Akabonyeza. Binti akaruka. "Hapo hapo, mama!"

Ndeshi akautoa mkono, akaupeleka kisogoni kwake mwenyewe. Ukakaa hapo. Chai ikapoa. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akampigia mwanawe.

"Elibariki, chukua baiskeli ya baba yako, ukalete majani. Sio kesho alfajiri. Sasa hivi, mchana huu, watu wakuone."