Mlango wa mvule ulionitoa kwa stuli za jikoni, Nyamira miaka ya sabini

Wakuu, habari zenu. Nilikuwa msomaji tu humu, leo nimejikaza. Ninayoandika niliyapitia mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana huku Nyamira, najifunza useremala peke yangu kwa kuangalia viti vya watu. Nilikuwa na wasiwasi sana. Stuli moja naweza kuipiga msasa mpaka mama anauliza kama nataka iishe.

Kanisa letu la Sabato likapata mbao za mvule kutoka Nyamarambe. Mzee Onchiri, mzee wa kanisa, akanipa kazi ya mlango. Fundi mmoja wa Kisii mjini alicheka.

"Huyu wa stuli? Hiyo mvule ataifanya kuni."

Mzee akaniambia wazi: jua la Ijumaa likizama mlango haujasimama, mbao zinaenda kwa huyo fundi. Sabato wageni wanakuja kufungua kanisa.

Kwa wasioijua mvule: vumbi lake linachoma pua, na ndani huficha mawe. Mti ukiumia, hujaza kidonda kwa kitu cheupe, kigumu kweli. Kwa macho huwezi kukiona.

Mimi nilikiona Ijumaa mchana.

Randa ililia, blade ikameguka, jiwe likang'oka. Katikati ya mlango, usawa wa macho, shimo kama yai.

Nilikaa chini. Sitaficha, nililia.

Halafu nikatafuta kipande kilichobaki chenye nyuzi zinazofanana, nikachonga kiraka kwa patasi, nikakipiga gundi. Kiliingia vizuri, lakini mimi nilikiona kama kidonda. Nikaanza kusugua, na kusugua tena.

Mzee akaja. "Kijana, jua linagusa kilima. Mlango unaingia au hauingii?"

"Tata, mlango una kovu," nikamwambia; tata kwetu ni baba.

"Hata mimi ninalo, na kanisa linanipokea. Shika huku tuinue."

Tukaufunga kwenye bawaba. Jua likazama, Sabato ikaingia. Kazi ikaisha hapo, upende usipende. Sabato ni Sabato.

Asubuhi yule fundi alifika na wageni. Akapapasa mlango juu mpaka chini, akaufunga, akaufungua. Ukajibu kwa sauti nzito, bila kukwaruza.

"Alikufundisha nani?"

"Hakuna."

Akanigeukia. "Jumapili njoo kwangu mjini. Nina kazi ya mvule, na vijana wangu wanaiogopa."

Wakuu, siku hiyo niliimba kanisani mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa anaonyesha wageni mlango kama mtoto mchanga. Stuli sikuchonga tena, isipokuwa yake.

Nilichojifunza: wasiwasi wangu ulinipa mkono mzuri, lakini haukuwahi kuniambia inatosha. Bila ile Sabato, hadi leo ningekuwa nausugua ule mlango kwa msasa.

Mafundi, na hata nyinyi wa ofisini, karibuni mchangie. Nyinyi hujuaje kazi imeisha?