Beseni la Bwana Mkubwa na Kituo cha Pili

Miaka ile ya Mdachi, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha lakini watu bado wanazungumza kwa kunong'ona, mimi nilikuwa Mkristo mpya na mbaya. Sisemi mbaya wa kuiba au kulewa. Ubaya wangu ulikuwa kujua. Nililolisikia kanisani Jumapili, Jumatatu nilikuwa nimekwisha kumfundisha mke wangu, majirani, na mbuzi wa majirani. Mke wangu alikuwa hajabatizwa, na katika dunia nzima nilitaka jambo moja tu: aje tukae naye kanisa moja. Kadiri nilivyomhubiria ndivyo alivyozidi kupata kazi za kufanya Jumapili.

Tulikaa karibu na Newala, juu uwandani, mahali ambapo maji yako chini kabisa bondeni na mwanamke huondoka alfajiri kuyafuata. Mwalimu wetu wa dini alitoka Masasi, baada ya misheni ya huko kuchomwa moto vitani. Jumapili moja alitusomea lile neno la Bwana Yesu kwamba mtu akikulazimisha kwenda naye mwendo mmoja, wewe nenda naye miwili. Maneno mengine ya Kitabu yalihitaji kufafanuliwa, maana hatukuujua mzeituni wala theluji. Hili halikuhitaji mfafanuzi. Askari wa serikali walikuwa wakija kwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, jumbe anatoa watu, tunabebeshwa mizigo mpaka Makote, na pale watu wa Makote wanaipokea kuipeleka kituo kinachofuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubeba hatua moja kupita pale. Mzigo ulikuwa chini kabla miguu haijasimama.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. Nikamkuta mke wangu anamenya mihogo, nikamweleza neno lote, nikamwambia kwamba mimi nitalitenda.

"Baba watoto," akasema bila kuinua macho, "huyo Bwana wako alikuwa na shamba?"

"Alikuwa seremala."

"Haya basi. Wewe una shamba, na mvua zinakuja, na visiki vimejaa."

Alhamisi askari wakaja. Mimi nikaangukiwa na beseni la kuogea, la bati, mali ya bwana mkubwa wa Kijerumani. Sisi huku tunanawa uso kwa kiganja kimoja cha maji, na mwenzetu anasafiri na chombo cha kumlaza mtu mzima! Nililivaa kichwani likanifunika mpaka mabegani, nikawa naona miguu yangu tu na kipande cha njia. Nikaanza kuimba nyimbo za kanisani humo ndani. Sauti ilinirudia masikioni ikiwa nzuri kuliko ilivyo, na jambo hilo lilinizidishia imani.

Tulipofika Makote nikasikia, "Tua!"

"Situi," nikajibu ndani ya bati. "Naendelea mpaka kituo cha pili. Kwa hiari yangu."

Askari alikuwa mtu wa mbali, aliyepigana katika vita vile na kuona watu wakiukimbilia mtutu wa bunduki huku wanaimba, wakiamini dawa ya maji itawakinga. Neno hiari halikumpendeza hata kidogo.

"Nani amekupa dawa?" akauliza. "Mmeanza tena?"

"Hakuna dawa, bwana. Ni Neno."

"Tembea mbele yangu!"

Nikatembea mpaka kituo cha pili, mtutu unagonga bati kila nilipopunguza mwendo, na mimi niko katika shida kubwa ya dini. Kama sasa ninalazimishwa, basi huu si mwendo wa pili tena. Huu ni wa kwanza upya, na wa pili wake bado ninadaiwa. Tulipofika nilifikiria kwa dhati kuendelea. Namshukuru Mungu shingo ilikataa.

Mke wangu alinichua shingo hiyo kwa mafuta ya nyonyo, huku mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

"Unamcheka Mungu!" nikafoka.

"Simcheki Mungu. Ninayemcheka namjua."

Yule askari alipokwisha kuridhika kwamba sina dawa, aliwasimulia wenzake kwamba Wakristo hubeba vituo viwili. Baada ya wiki mbili wakaja wawili kwa jumbe, hawataki watu, wanataka Wakristo. Jumbe, maskini, naye aliogopa kiboko, akawaonyesha kanisa. Darasa letu la dini lilikuwa na watu kumi na wanne. Jumapili iliyofuata tulikuwa watatu, mmoja wetu akiwa mwalimu. Mzee mmoja aliyekuwa akizikariri amri kumi kwa mkupuo aliwaambia askari kwamba yeye hufika pale kusikiliza kengele tu.

Mwalimu akaniita pembeni. Nikajiweka tayari kusifiwa.

"Uliwauliza wenzako," akasema, "kabla ya kuwabebesha?"

Nilimkasirikia siku tatu. Nilisema mwalimu amepoa.

Kisha homa ikaniangusha. Nilikuwa nimelala ndani, mchana, niliposikia viatu vya askari uani kwangu. "Mkristo yuko wapi?" Nilitaka kuinuka. Nilijiambia naam, sasa nainuka. Kusema kweli homa haikuwa peke yake. Niliogopa.

Nikamsikia mke wangu. "Mkristo wa nyumba hii ni mimi. Lete mzigo."

"Wewe umebatizwa?"

"Na wewe je?"

Nikasikia sanduku likipandishwa kichwani, na nyayo za mke wangu zikaondoka. Nikageukia ukutani nikalia kwa aibu, mimi mwalimu mkuu wa Jumatatu.

Alirudi jua linazama. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nimejifunika shuka.

"Umechelewa," nikasema. "Makote si mbali hivyo."

"Sikuishia Makote. Nilifika cha pili."

Moyo uliniruka. Neno limemwingia! Nikafungua kinywa nihubiri, naye akainua mkono kunizuia.

"Wanaume wa Makote walikuwa wamekimbilia porini. Aliyesimama kunipokea ni mwanamke mjamzito, wa kujifungua leo au kesho, na ngata yake ya kubebea mzigo ameshaiweka kichwani. Nilitazama lile tumbo. Sasa nimtwishe?" Akaketi, akanyoosha miguu iliyojaa vumbi. "Wewe siku ile, aliyekuwa akikungoja alikuwa nani?"

Nikatafuta. Niliukumbuka wimbo wangu, na askari, na mlio wa bati. Mtu wa Makote sikumkumbuka. Sikuwa nimeliinua beseni hata kidogo nimtazame uso. Nilikuwa nimekwenda mwendo wa pili mzima bila kujua ninampokea nani mzigo wake.

"Simjui," nikasema.

Safari hii hakunicheka.

"Jumapili nitakuja kwenye darasa lenu," akasema. "Hilo neno nataka kulisikia lilivyo. Lakini nitalisikia kwa mwalimu. Wewe utakaa na watoto."

Jumapili ikafika, akajifunga kanga, akaenda. Nami nikakaa na watoto, nikiwafuta makamasi, mke wangu yuko kanisani na mimi siko. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile.