Magurudumu ya Gari la Kambo

Juzi, mjini kati, niliona gari la zamani likibeba maharusi, magurudumu yake yamefungwa jante, yaani rimu, pana za kung'aa zisizolifaa hata kidogo. Nikamkumbuka babu yangu, ambaye tulimwita Kambo.

Alasiri moja ya utoto wangu, uani kwetu kulinuka petroli na makaa. Mjomba alikuwa ameinua gari la Kambo kwa jeki. Mbele alifunga jante mpya za alumini, nyuma akaacha zile nyembamba za chuma zenye vifuniko vya mviringo. Kambo alizipapasa zote, kisha akaniita.

"Motokari iko namna gani? Uniambie yote."

"Kambo, wewe hauione?"

"Uniambie tu, mutoto wangu."

Nilidhani ni mchezo. "Kwa mbele iko sawa muzee mwenye kuvala viatu basket za vijana. Kwa nyuma iko muzuri."

Kambo alicheka mpaka akakohoa. "Umesikia?" alimwambia mjomba. "Rudisha ile ya zamani."

Kazi ilipoisha Kambo aliketi kwenye usukani, akawasha injini, akaisikiliza. Nikamuuliza kama tutaenda kutembea.

"Kesho," alisema.

Kesho yake nikavaa gauni la Jumapili, nikamngoja garini.

Hakuna aliyeniambia kwamba macho yake yalikuwa yamekwisha, na kwamba hataliendesha tena. Ningejua, ningelizunguka gari lote polepole, nimweleze milango yake ya rangi ya maziwa, vumbi jekundu kwenye vioo, na jua lilivyokuwa likishuka juu yake.