Sabuni ya Darasa la Kifaransa

Saa mbili na robo asubuhi mwalimu alituita ndani, mimi na mama. Nimeikumbuka asubuhi ile leo, katika duka moja mtaani Karama, niliponusa sabuni ya zeituni.

Shule ile ya serikali ilikuwa na darasa moja tu lililosomeshwa kwa Kifaransa, na nafasi ilibaki moja. Mama alinibana mkono ndani ya buibui lake. Mwalimu akainua kipande cha sabuni, akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Sikuelewa hata neno.

"Sabuni," nikasema.

"*Savon*," akarudia, kisha akamgeukia mama kwa Kiarabu. "Neno analijua. Matamshi tutayanyoosha. Aje Jumapili, wiki ya masomo inapoanza."

"Inshallah," mama akajibu, macho chini.

Nje akaniinamia. "Ewe mwanangu, Kifaransa umejifunzia wapi?"

"Bafuni, mama."