Dume la Nyuki Yuko Hewani

Ukishuka stendi ya Runzewe ukauliza fundi baiskeli, utaonyeshwa watatu. Wawili wanatengeneza baiskeli. Wa tatu, Bartholomeo, anatengeneza baiskeli huku akikusimulia alivyokuwa maarufu, kwa hiyo kwake nenda umeshakula.

Usicheke. Maarufu kweli alikuwa. Kabla hajafuata dhahabu huku Bukombe na kuikosa kama wachimbaji wenzake, Bartholomeo alikuwa kijana wa Samuye mwenye redio, na Samuye ya wakati ule kijana mwenye redio hakuwa na haja ya sura nzuri. Redio yenyewe ilikuwa ya baba yake. Ilinunuliwa msimu ambao pamba ilikubali, ikashonewa gauni la kitambaa lenye maua pembeni, ikawa inavaa vizuri kuliko watoto wote wa boma lile. Betri zikichoka zilianikwa juu ya bati pamoja na michembe ya viazi. Zikishalewa jua zinarudishwa ndani, redio inaongea tena mpaka jioni.

Jumapili mchana kulikuwa na kipindi cha salamu. Vijana wa leo mnaotumiana vikatuni kwenye simu hamuwezi kuelewa. Ulikuwa unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unampa kondakta wa basi aifikishe stesheni mjini, halafu unasubiri. Unaweza kusubiri mpaka mtama ukaota. Na hakuna mtuma salamu aliyejiheshimu aliyetumia jina la ubatizo. Mwadui kulikuwa na Marselino Jiwe Halitafunwi. Mhunze kulikuwa na Mageni Mtoto Hatumwi Dukani. Kolandoto, karibu na hospitali, kulikuwa na Asteria Taa Haizimwi. Na Samuye ilikuwa na Bartholomeo, Dume la Nyuki.

Hao wanne walisalimiana kila wiki miaka nenda rudi, na hawakuwahi kuonana hata kwa picha. Kadi ya Bartholomeo ikikaribia kusomwa, alikuwa anaibeba redio mpaka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, anafungua sauti mpaka mwisho, anajifanya anatazama mbali. Wachungaji walimjua. Nadhani hata ng'ombe walimjua.

Halafu mvua zikagoma, akaoa, akasikia huku wanaokota dhahabu kwa mkono. Akashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akapanda, akashuka, mpaka mgongo ukakataa. Akanunua pampu na spana, akakaa chini ya kibanda cha bati jirani na duka la Tanvir. Redio ilibaki Samuye kwa kaka yake na ikafia huko huko. Kadi akaacha. Lakini jina hakuacha, alijiita mwenyewe kila siku ili lisipate kutu.

Mwaka huu binti yake Limi, anayepikia wachimbaji kule Geita, alimletea simu kubwa ya kioo. Akamwekea ndani yake Redio Lambo, redio ya mtandaoni isiyo na mnara wala stesheni ya maana, ni vijana na kompyuta zao kwenye chumba kimoja Mwanza. Wanapiga ngoma za kale za Kisukuma, wanasoma habari za minada ya ng'ombe, na kila Jumamosi mchana wana kipindi cha watuma salamu wa zamani.

Siku ya kwanza Bartholomeo aliitundika simu kwenye msumari wa juu kabisa ili ishike mawimbi, akaifunga waya wa breki ya baiskeli uwe ariali. Limi alicheka mpaka akakaa chini. Limi alipoondoka, chaji ikapungua, na mzee wetu akafanya alichofundishwa na baba yake. Akaianika simu kwenye bati.

"Baba Limi," mkewe Esta aliita, "simu yako inaandika kwamba inaungua."

"Inaandika nini? Inapata nguvu hiyo, iache."

"Imezimika."

"Imeshiba."

Bahati yake ilikuwa ngumu kuliko kichwa chake, simu ikapona. Tangu hapo kila Jumamosi yeye na Esta wanakaa kibandani, simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, na hakuna baiskeli inayoguswa mpaka kipindi kiishe.

Jumamosi ninayoisema, mtangazaji, kijana aitwaye Charles, alianza kwa sauti ya kanisani. Leo, alisema, tunawakumbuka watuma salamu waliotutangulia. Na kama ilivyo desturi ya chama chetu, jina la aliyeondoka tunampa kijana alibebe lisipotee. Yuko nasi kwenye simu mama yetu Asteria Taa Haizimwi wa Kolandoto, atatusaidia kuwataja.

Bartholomeo alikaa sawa. Asteria! Sauti ilikuwa imezeeka, imeshuka chini kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, lakini ni yeye. Ilitaja mmoja, ikataja mwingine, majina mengine yakipotea kwa mtandao kukatakata. Halafu ikasema wazi kabisa:

"Na Bartholomeo, Dume la Nyuki, wa Samuye. Alikwenda machimboni, hakusikika tena. Tuliambiwa duara lilimwangukia."

Esta akageuka polepole. "Baba Limi, umekufa lini bila kuniambia?"

"Nyamaza nisikie!"

"Nanyamaza. Mjane haruhusiwi kupiga kelele."

Charles akaendelea kusema kwamba jina la Dume la Nyuki litachukuliwa na binti wa Samuye, Loveness, ambaye ataingia hewani kabla kipindi hakijaisha kutuma salamu zake za kwanza kwa jina hilo. Na namba ya kupiga ni hii hapa.

Sasa elewa kilichomchoma. Kufa si kitu, kila mtu anazushiwa kifo, hata majirani walishamzushia. Lakini jina! Dhahabu hakuipata, ng'ombe hana, meno yanaaga moja moja. Kitu alichotoka nacho Samuye na bado anacho ni Dume la Nyuki, na sasa linagawiwa kama nguo za matanga huku mwenyewe akisikiliza.

Akapiga. Akapiga simu ileile iliyokuwa redio, na redio ikanyamaza papo hapo. Akashtuka, akakata. Redio ikarudi. Akapiga tena, redio ikanyamaza tena.

"Wananizimia!" akasema. "Hawataki niongee!"

"Simu ni moja, mume wangu. Ikiongea haiimbi. Nenda kwa Tanvir."

Tanvir alizaliwa hapo hapo Runzewe, baba yake aliuza jembe na kanga, na yeye anauza kila kitu isipokuwa siri za watu. Bartholomeo aliingia dukani mbio na grisi mikononi.

"Tanvir bwana, niwekee Redio Lambo kwenye simu yako, upesi! Wananizika!"

"Pole sana, Mzee Batholo. Sanda nauza. Unataka nyeupe au ile ya kufulika?"

"Weka redio, mwanangu, matani baadaye!"

Tanvir akaweka, akaisimamisha simu yake juu ya gunia la sukari. Bartholomeo akapiga kwa simu yake. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Redio Lambo, uko hewani, nani mwenzetu?"

"Ni mimi! Ni mimi mnayenizika! Bartholomeo, Dume la Nyuki, mzima wa afya, Runzewe!"

Halafu, alipofungua mdomo aendelee, simu ya Tanvir ikafoka kwa sauti kubwa: *Ni mimi! Ni mimi mnayenizika!*

"Mnasikia?" Bartholomeo akapiga kelele. "Kuna mwingine huyo anajifanya mimi! Mwongo huyo! Mkateni!"

"Mzee wangu," Charles akasema, "punguza redio iliyo karibu yako. Mtandao unachelewa. Huyo unayemtukana ni wewe."

Tanvir alikuwa ameinama chini ya meza ya duka, mabega yanatikisika. Mkono wake ukatokea peke yake, ukapunguza sauti.

"Sasa mzee," Charles akaendelea, "watu wanapenda kupiga wakajidai. Mama Asteria bado yuko kwenye laini. Mama, unamjua huyu?"

Asteria akamwamkia kwanza kwa Kisukuma. "Mwadila, kaka," akasema.

"Mwadila, dada."

"Kama ni wewe kweli, niambie. Ule mwaka nililala hospitali masika nzima, hata kalamu sikuweza kushika. Wiki moja kadi yangu ikasomwa redioni. Nani aliiandika?"

Bartholomeo akakuna kichwa, akajipaka grisi. Esta naye alikuwa ameshafika mlangoni. "Niliandika mimi," Bartholomeo akasema. "Watu walianza kuuliza Taa imezimika? Nikaona vibaya. Nikajaza kadi kwa jina lako."

"Na ilimsalimu nani?"

"Ilinisalimu mimi."

"Peke yako. Na ilikuita nani?"

"Dada, watu wanasikiliza."

"Ilikuita nani?"

"Ilisema... namsalimu Dume la Nyuki wa Samuye, kijana mzuri kuliko wote kutoka Tinde mpaka Kishapu."

Tanvir sasa alikuwa amelala chini kabisa kwa kicheko. Asteria akacheka, kicheko cha mtu ambaye hakujiandaa kucheka siku hiyo. "Niliisikia nikiwa kitandani. Muuguzi aliuliza kama nimeolewa huko Samuye. Nikasema sijaolewa, lakini nitapona, nikamtafute aliyenisingizia. Charles mwanangu, ni yeye. Hakuna mwingine ambaye angemsifia mtu huyo hivyo. Mfukueni."

Bartholomeo akatazama dukani kama mbunge aliyetangazwa mshindi. Charles akasema basi jina linarudi kwa mwenyewe, na akampa pole binti Loveness.

"Na si mimi tu mliyekosea," Bartholomeo akaongeza, raha imempanda. "Marselino naye mtafuteni, Jiwe Halitafunwi, mtandao ulikatakata nikasikia kama mmemtaja. Yule hawezi kufa, yule ataibuka Mwadui na tusi mkononi. Na Mageni wa Mhunze..."

"Kaka," Asteria akasema.

"Nasema Mageni naye, mtoto hatumwi..."

"Kaka. Marselino nilimzika mimi na wanawe, vuli iliyopita. Siku ile ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza. Kumbe alikuwa mfupi. Na Mageni alitangulia kabla yake."

Simu ya Tanvir, kwa sauti ndogo, ilikuwa bado inarudia yale ya nyuma, *yule hawezi kufa, yule ataibuka Mwadui*. Esta akanyoosha mkono akaizima. Bartholomeo akakaa juu ya gunia la mchele. Alikuwa amempa Marselino sura kichwani miaka yote, pande la mtu, ndevu, kofia ya pama. Sasa alikuwa anajaribu kumfupisha na hawezi.

"Mfupi kiasi gani?" akauliza.

"Angesimama, angenifika hapa begani."

"Na sauti ile yote?"

"Na sauti ile yote."

Charles akakohoa, dakika za kipindi zinakwisha. Akamwingiza binti.

"Shikamoo babu," Loveness akasema, sauti nyembamba.

"Marahaba."

"Nimesikia. Jina silichukui tena. Nilikuwa nimefanya mazoezi tu. Samahani."

Bartholomeo alikuwa amejiandaa kumfokea tangu kibandani. Maneno alikuwa nayo, mengine mazuri kabisa. Akayatafuta, akakuta hayana kazi. "Mazoezi ulifanyia wapi?"

"Lamboni, babu, wakati ng'ombe wanakunywa."

"Hebu liseme nisikie."

"Hapa ni Dume la Nyuki, kutoka..."

"Unaomba chumvi? Hilo jina haliombi. Anza tumboni. Duuume! Halafu unaachia kidogo, watu wajiulize dume la nini."

"Duuume!" binti akaita, "la Nyuki! Kutoka Samuye!"

Bartholomeo akamtazama Esta, Esta akatazama pembeni. Walioweza kulijibu jina hilo walikuwa watatu, sasa amebaki mmoja, naye amechoka. "Lichukue," akasema. "Mimi nitakuwa nasikiliza. Siku utakayolisema ovyo napiga simu."

"Na wewe utajiita nani, babu?"

"Mimi nitajiita Bartholomeo. Linatosha, tayari ni refu."

Kipindi kikaisha kwa ngoma, lakini hawakuisikia, maana simu iliita mkononi mwake mara tu alipokata. Namba ngeni. Akapokea kwa sauti yake ya hewani. "Haloo, uko na Bartholomeo!"

"Ni mimi, Asteria. Yule kijana amenipa namba."

"Ah. Dada."

"Kaka."

Hakuna Charles wa kuuliza ungependa kuwasalimu akina nani. Hakuna kadi, hakuna wiki nzima ya kutafuta maneno. Bartholomeo, ambaye anaweza kukuelezea kiraka cha tyubu mpaka jua likazama, alisimama dukani kwa Tanvir na simu sikioni kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Kwenu mvua imenyesha?" Asteria akauliza mwishoni.

"Imenyesha. Kwenu?"

"Kidogo."

"Haya."

"Haya. Umeoa, lakini?"

"Nimeoa. Yuko hapa."

"Nipe."

Esta akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akasema mwadila dada, habari za Kolandoto, na kabla Bartholomeo hajajua kimetokea nini wanawake wale wawili walikuwa wameshafika kwenye watoto, magoti, bei ya dengu, na tabia za mwanaume anayejisifia kwenye kadi ya mwenzake. Esta alicheka, akatoka nje na simu kivulini, akakaa kwenye kiti cha fundi.

Mteja wake, kijana wa baiskeli ya kubebea maji, alikuwa anamngoja. Bartholomeo alichukua gurudumu, akalizungusha, akalisikiliza. Kila Esta alipocheka, alinyanyua kichwa.

"Anasema nini?" akauliza.

"Nyamaza, Baba Limi," Esta akasema. "Ananisimulia mazishi ya Marselino."

Akaacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe, kisha akasogeza ndoo, akakaa karibu na sikio la mkewe.