Lori la Chupa Lilirudi, Lakini Si Kwetu

Mimi na wifi yangu tulikuwa tukiokota chupa za plastiki mtaani kwetu, Mwanakwerekwe. Kampuni moja ya maji ilituwekea tundu kubwa la waya, kama la kuku, nyuma ya soko, na kila Jumatano lori lao likija kuzichukua. Hakuna aliyewalazimisha. Walituvisha fulana zao, wakapiga picha nasi.

Jumatano moja lori halikuja. Wala ya pili. Tundu likajaa, tukawa tunazitia chupa kwenye mapolo, yale magunia makubwa, na kuyapanga ukutani kwa wifi yangu. Nikaenda ofisini kwao mjini, mtaa wa Malindi. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu.

"Bi, ule ulikuwa msaada tu," alisema. "Msaada una mwisho wake."

"Na chupa mmeacha kutengeneza?"

Akainamia karatasi zake.

Baadaye tukaitwa mkutanoni. Afisa wa mazingira akatwambia kanuni zinakuja: atengenezaye chupa atalazimika kuikusanya, apende asipende. Wifi yangu alinibana mkono. "Nshachoka kuomba," alininong'oneza. "Sasa wataletwa na sheria."

Sheria ikaja kweli, na lori likarudi barabarani. Nililiona linapita, nikalisimamisha kwa mikono miwili. Dereva alinijua.

"Nnakwenda mahotelini, pwani ya mashariki," alisema. "Kule chupa ni safi, zimeshatengwa. Kampuni inatakiwa ionyeshe uzito iliokusanya, basi. Haiulizwi uzito huo umetoka wapi."

"Na zetu?"

"Zenu zina matope, Bi."

Nilimfuata yule afisa. Hakunificha kitu. Alisema kampuni imetimiza wajibu wake, na kwamba sisi hatuna kibali cha kukusanya taka, kwa hivyo tundu letu litaondolewa. Liliondolewa wiki ile ile. Mapolo hawakuyagusa.

Masika yalipoanza, maji yaliyabeba mapolo hadi kwenye mtaro, mtaro ukaziba, na mafuriko yakaingia chumbani kwa wifi yangu. Nilimkuta anasukuma matope kwa kipande cha ubao, godoro limelowa, chupa zinaelea chini ya kitanda.

"Bora tungeziacha zilipokuwa," alisema. "Zingekuwa zimetawanyika. Sisi ndio tuliozileta mlangoni kwangu."

Nilitaka kumwambia kosa si letu. Nikachukua ndoo. Tulizoa mpaka adhuhuri, na nje mvua ikaendelea kuleta chupa nyingine.